Nguzo ya Mlangoni Kwangu

Nyumba yangu hapa Biharamulo mjini ilijengwa na karani mmoja zamani za Mjerumani, ndiyo maana siwezi kupigilia hata msumari bila ruhusa ya kamati ya majengo ya kale. Kamati ina watu watatu: Mwalimu Celestini, mstaafu, ndiye mwenyekiti, Thobias, fundi uashi, na jirani yangu Mwanaisha, ambaye babu yake alikuja na vitambaa kutoka pwani akasahau kurudi.

Ombi langu lilikuwa moja. Barazani, mbele ya mlango kabisa, kuna nguzo. Haiko kushoto, haiko kulia. Kuingia kwangu ni kiubavu. Jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika husali nyumba kwa nyumba, lakini mimi huniruka, kwa sababu mara moja walipojaribu, mama mmoja wa kwaya alikwama na ngoma yake mpaka litania ikaisha. Mwaka huu Padri mwenyewe alikubali kuja Oktoba, mwezi wa Rozari. Nikaandika barua: naomba kubomoa nguzo.

Kamati ikaja kukagua.

"Haiwezekani," alisema Mwalimu kabla hajakaa. "Hapa Mjerumani alikuwa akifungia farasi. Nimewaleta wanafunzi kuiona nguzo hii miaka ishirini."

"Mwalimu, nguzo hii aliijenga marehemu mume wangu, Novatus, mwaka themanini na nne. Paa la baraza lililegea pale, naye akaisimamisha palepale lilipolegea. Alikuwa ametoka kunywa pombe ya rubisi."

"Na tangu tubadilishe boriti haishiki paa," alisema Thobias. "Inashika watu tu."

"Uliiona ikijengwa, Mama Priscila?" Mwalimu akaniuliza.

Mimi na uongo hatujuani. "Sikuiona. Nilikuwa kwa mama, Ntobeye, nimejifungua. Nilirudi na mtoto nikaikuta."

"Basi nani aliona?"

Sote tukamgeukia Mwanaisha, ambaye kibaraza chake kinatazamana na changu. Yeye akawa anahesabu buibui darini.

Hapa inabidi niungame. Kabla sijaenda Ntobeye nilimwazima Mwanaisha sufuria yangu kubwa ya harusi apikie pilau la Maulidi. Niliporudi haikuwepo. Akaapa kwamba alimkabidhi Novatus mkononi. Novatus akasema hajaona sufuria. Nikamwamini Novatus, tulikuwa tumefunga ndoa kanisani. Tangu hapo mimi na Mwanaisha tunasalimiana, tunazikana, lakini akija kuomba chumvi namwambia, "Kikombe kirudi." Naye kila Idd huniletea pilau juu ya jani la mgomba, ili kusiwe na chombo cha kusingiziwa.

"Mama Swabaha," Mwalimu akamwambia, "sema ulichokiona."

"Mimi?" Mwanaisha akajitanda mtandio upya. "Mimi si mwizi wa sufuria? Ushahidi wa mwizi mtauandika kwenye daftari gani?"

"Sufuria si ajenda ya leo."

"Ndiyo ajenda yangu tangu themanini na nne!"

Akilini nikamwona Padri amekwama mlangoni na maji yake ya baraka. "Jirani," nikasema, "nakuomba. Sema."

Mwanaisha akanitazama. Kisha akasema, "Niliona. Baba Priscila alikuwa hapo, mawe yamemwishia, saruji ameshaikoroga na inaanza kukauka, anatukana kwa Kihangaza. Nikamwambia, shemeji, sufuria hii hapa, mkeo akirudi mwambie ahsante. Akasema iweke hapo chini. Nikaiweka hapo chini." Akanyoosha kidole kwenye nguzo. Kidole kikabaki hewani.

Thobias akachukua nyundo akaanza kugonga taratibu. Ko. Ko. Ko. Akashuka chini kidogo. Ngaaa!

"Rudini nyuma!" Mwalimu akapiga kelele. "Bomu la Mjerumani!"

Mzee wa miaka sabini na sita akafika barabarani akiwa na ndala moja. Thobias akatupa nyundo akamfuata mwenyekiti wake. Tukabaki wanawake wawili. Mwanaisha akaokota nyundo, akasema Bismillahi, nami nikafanya ishara ya msalaba, akapiga. Lipu ikaanguka bamba zima.

Kilikuwa kitako cha sufuria, cheusi kwa masizi. Juu yake, kwa msumari, kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa nimechora jina langu, kama tunavyoandika wote ili vyombo virudi kutoka misibani: DOMISIANA.

Mwalimu akarudi polepole, akavaa miwani. "Domisiana," akasoma. "Huenda yule Mjerumani alikuwa na mke ambaye..."

"Mwalimu," nikamwambia, "kaa."

Nikapiga goti mbele ya Mwanaisha, na magoti yangu si ya kupigwa ovyo. "Jirani, nimekusingizia miaka arobaini. Nisamehe."

Alicheka mpaka akaishikilia nguzo. "Nimekusamehe. Inuka upesi, usije ukashindwa nikasingiziwa hata magoti."

Mwalimu akafungua daftari kwa huzuni. Kwa kuwa nguzo si ya Mjerumani, akasema, tupige kura ibomolewe. Thobias akanyoosha mkono.

"Napinga," alisema Mwanaisha.

"Mama Swabaha!"

"Huyu ni shahidi wangu, mnamvunja siku aliyofungua mdomo? Abaki mpaka jumuiya ya Mama Priscila ipite. Na hapo pasizibwe."

Mwalimu, ambaye hakutaka kuibomoa tangu mwanzo, akaunga mkono haraka. Wawili kwa mmoja. Ikaandikwa: nguzo ihifadhiwe hadi ibada ya Oktoba, kitako cha sufuria kikitazama barabara.

Oktoba wakaja wote, kwaya nyuma kabisa na ngoma zake. Kila mmoja akaingia kiubavu, na ukiingia kiubavu pale uso wako unakutana na kitako. Kila mmoja akasoma, akauliza, nami nikamweleza kila mmoja: nilimwita jirani mwizi, na mwizi alikuwa mume wangu na saruji yake. Padri naye akajipenyeza, akasoma, akauliza. Nikamweleza.

"Mama," akasema, akijifuta vumbi la chokaa kwenye kanzu, "malipizi yako ya dhambi yametosha."

Mwanaisha alikuwa ndani tayari, mkekani, sahani yangu ya udongo mapajani.

"Ngoja kwanza, Padri," akasema. "Kwaya haijaingia."