Mashine za Fundi Mudathir

Asubuhi ya ukaguzi, Letisia alinyunyiza maji kwenye sakafu ya udongo ya karakana ya Fundi Mudathir, pale Katesh, ili mashine zipate urahisi wa kutoka ardhini. Ilianza kuchomoza mashine ya kuchomelea vyuma, zikafuata grenda mbili. Drili kubwa ya kusimama ilikwama kama kawaida yake, ikabidi aisaidie kwa chepe. Akazipangusa zote kwa tambara.

Mashine hizo zilikuwa zikiota siku za gari la serikali tu, na jioni zilirudi chini. Siku nyingine zote Letisia alifagia, alichota maji, alibembeleza mtoto wa fundi. Alikuwa mwanagenzi aliyesajiliwa, yuko mwaka wa mwisho, na alikuwa hajawahi kuunganisha hata bawaba ya dirisha.

Afisa wa uanagenzi alikuwa Severine, mdogo wake baba. Ndiye aliyekuja kwao Nangwa, akanywa maziwa, akasema, "Kaka, nipe huyu binti. Serikali itamwangalia, na mimi nitamwangalia." Baba hakuuliza zaidi.

Severine alifika, akazikagua mashine, akala chapati na supu ya mbuzi. Alipoinuka, Letisia akamfuata mlangoni.

"Baba mdogo, naomba leo ukae mpaka jioni."

Hakuongeza neno. Fundi alikuwa anasikia, na kwao mtoto hamwaibishi mwenyeji mbele ya mgeni wake.

Severine akakaa. Jua lilipoinama, grenda zikaanza kuzama, taratibu, bila kelele. Drili ilipofika zamu yake, Severine aliinua miguu kuipisha, kisha akashusha miguu. Mudathir akamwongezea chai, akaenda kuswali.

"Umeona, baba mdogo?"

"Nimeona. Ila mimi, mwanangu, nimetumwa kuangalia kama mashine zipo. Na zilikuwepo."

"Na mimi je? Ulisema utaniangalia."

Severine akaangalia simu yake. "Cheti chako nitakileta kwa mkono wangu. Usiwe na wasiwasi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mudathir alikuwa mtu baki, Letisia hakutarajia makubwa kwake. Severine alikuwa damu yake.

Cheti kikaja kweli, kina muhuri, kinasema Letisia ni fundi. Baba alichinja mbuzi. Alikuwa ameazima mashine ya kuchomelea, na jenereta ya parokia, na kwa kuwa mvua zilikuwa zimekaribia, majirani walikuja na plau zao za kulimia kwa ng'ombe, zilizovunjika. Severine alikaa kwenye kiti cha heshima, anatafuna ini.

Letisia akampigia baba yake goti.

"Baba, sijui kuchomelea. Sikufundishwa."

Baba akacheka mpaka akajifuta macho. "Mnamsikia?" akawaambia majirani. "Mtoto aliyelelewa hajisifu."

Wakampigia makofi, wakaendelea kumshushia plau miguuni.