Siku Hadubini Alipofunga Kundi

Saa moja kasoro robo asubuhi, Hadubini alikuwa sebuleni, mguu mmoja ndani ya kiatu na mwingine chini, simu mkononi, akiandika kwa kidole gumba na kutamka kila neno kama anayemsomea mtu hukumu. "Jasho. Halitoi. Sumu. Kazi hiyo. Ni ya ini. Na figo."

Alikuwa mama aliyefanya kazi miaka ishirini na miwili katika maabara ya kituo cha afya, ameinamia hadubini hadi mtaa ukampa jina la chombo chenyewe. Ubishi ulikuwa na fundi cherehani, mtu mpole ukimkuta dukani anapima kiuno cha mteja, lakini mpe simu uone. Fundi alikuwa amesambaza ujumbe kwenye kundi la simu la majirani kwamba ukikimbia mpaka ukalowa, sumu zote mwilini hutoka, na atakayepuuza hana imani. Sumu zipi? Hakusema. Imani imeingiaje kwenye jasho? Hakusema pia. Jamani!

Kundi lenyewe Hadubini alilianzisha kwa ajili ya kaka yake, mstaafu wa kiwanda cha uchapaji. Kaka alipatikana na kisukari, daktari akamwambia atembee kila siku, naye akagoma. Kutembea hakukumtisha. Alichoogopa ni kuanguka njiani, watu wapite wakidhani ni mlevi. Ndipo Hadubini akakusanya majirani kumi na wanne na kuweka utaratibu: kila mtu atembee kwa wakati wake, akifika nyumbani aandike kwenye kundi neno moja tu, "Nimerudi." Ikigonga saa mbili mtu hajaandika, jirani yake wa karibu atoke kumtafuta. "Ukichelewa tutakufuata," alimwahidi kaka yake. Kwa neno hilo kaka akanunua raba.

Sheria ilikuwa moja: mazoezi tu. Siasa, dini na dawa za kusambaziana, kila mtu abaki nazo kwake. Sheria hiyo ilidumu wiki tatu.

Asubuhi hiyo, baada ya jasho la fundi, akaingia Kampeni. Huyu ni kijana aliyemnadi mgombea mmoja uchaguzi uliopita, mgombea akashindwa, yeye akaendelea tu kumnadi. Alituma picha ya mheshimiwa wake akikimbia na raba nyeupe zisizo na hata chembe ya vumbi. Fundi akajibu kwamba mtu huyo haonekani kwenye ibada. Kampeni akajibu kwamba Mungu hana kadi ya mpiga kura. Mwingine akaleta habari za binadamu na nyani, na mpaka leo hakuna ajuaye kwa nini. Hadubini akaingia kutuliza, akajikuta ndiye anayechochea. Alieleza figo, akaeleza mifupa ya kale, akamwita fundi mjinga wa kujitakia. Jumbe tisini na tatu kwa dakika arobaini! Na yeye mwenyewe hakuwa ametembea miezi miwili. Sayansi ya kutembea aliijua yote, kutembea ndiko kulikomshinda.

Kisha Kampeni akaandika: "Na wewe mama, huo uadmini ulipigiwa kura na nani?"

Hapo damu ikampanda. "Nimefunga kundi," aliandika. "Litafunguliwa mkipata adabu." Akabonyeza pale panaporuhusu msimamizi pekee kuandika, na msimamizi alikuwa yeye peke yake.

Raha iliyoje! Simu ikanyamaza. Alivaa kiatu cha pili, akaenda kazini kwa mwendo wa madaha, akavaa koti jeupe, akapanga mirija ya damu kwenye mashine ya kuzungushia. Saa moja ikapita, kisha nyingine. Mwenzake wa zamu alichungulia kutoka dirisha la kupokelea sampuli.

"Leo simu yako imekufa? Kwa kawaida muda huu inalialia tu, nimerudi, nimerudi."

Hadubini alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika kumi. Hakuna aliyeandika "Nimerudi" kwa sababu hakuna aliyeweza kuandika.

Alimpigia kaka yake. Simu imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Alimwachia mwenzake mashine inazunguka, akatoka na koti lake jeupe, akikimbia kuelekea kwa kaka yake. Mtaa wa kwanza alikimbia. Wa pili pumzi ikakata, mbavu zikambana, akawa anajikokota huku anajilaani kwa sauti, watu wakimpisha. Wa tatu ulikuwa mtaa wa fundi.

Kaka alikuwa ameketi kwenye ngazi za duka la cherehani, shati limemgandia mwilini kwa jasho. Fundi alikuwa akimpepea kwa karatasi ya kukatia mitindo, midomo ikicheza kwa dua. Kampeni alikuwa amepiga magoti, amemshikia chupa ya soda.

"Nani kakwambia umpe soda mgonjwa wa kisukari?" Hadubini alifoka, hata kabla pumzi haijarudi.

"Mama yangu naye ana kisukari," Kampeni alisema bila kugeuka. "Mtu akitetemeka hivi na kuongea yasiyoeleweka, sukari imeshuka. Si wewe mwenyewe ulitufundisha?"

Ni kweli, aliwafundisha. Alimshika kaka yake mkono. Ulikuwa baridi, lakini kutetemeka kulikuwa kunapungua.

"Nilikuwa nakuja kumalizana na fundi uso kwa uso, maana kundi umefunga," Kampeni aliendelea. "Nikamkuta mzee kwenye ukingo wa mtaro. Watu wanapita tu, wanacheka. Nikataka kuwaita kwenye kundi, nikashindwa. Kukupigia hata sikukumbuka. Nimezoea kundi tu."

"Dada, tulikuwa tukitafuta gari la kumleta kwako," fundi alisema taratibu. Hakutaja ujinga wa kujitakia.

Kaka alifumbua macho vizuri. "Mdogo wangu," alisema, "mbona hukunijibu?"

"Kukujibu nini, kaka?"

"Nilikuuliza, nikangoja, nikatoka tu. Kisha nikawa narekodi sauti pale mtaroni, haiendi. Nikabonyeza mpaka chaji ikaisha."

Hadubini alitoa simu. Alipanda juu, ujumbe baada ya ujumbe, akipita nyani, akipita raba nyeupe, akipita figo na ini na kila alichokiandika kwa ufasaha wote ule. Katikati, chini kabisa ya maelezo yake marefu kuhusu jasho, kulikuwa na mstari mmoja wa saa kumi na mbili na dakika hamsini na tisa: "Mdogo wangu nimeshameza dawa. Nile kwanza au nitembee kwanza?"

Alishindwa kujizuia, akalia palepale kwenye ngazi, na koti lake jeupe. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kisha akafungua kundi, akaandika: "Kaka, kula kwanza." Akamweka Kampeni na fundi kuwa wasimamizi pamoja naye, ingawa alijua vizuri kwamba kabla ya saa sita watakuwa wameshagombana.

Fundi alichomeka simu ya mzee kwenye umeme kando ya cherehani. Wakampa mkate, akala wote. Saa nne na nusu, akiwa bado pale dukani, mita mia tatu kutoka nyumbani kwake, kaka aliomba simu yake na kuandika kwa kidole kimoja: "Nimerudi."