Barua ya Tatu ya Sheha

…na kalamu ni ile ile ya buluu, Mwatum anaijua kwa kifuniko chake kilichotafunwa, ndiyo iliyoandika barua ya kwanza na ya pili, na sasa Bi Nassra, sheha wa mtaa wao, ameinyanyua tena juu ya karatasi nyeupe, anamtazama kwa juu ya miwani, "Haya Bi Mwatum, mara hii n'andike mwanao ana nini?", na nyuma kwenye benchi Rukaiya wa nyumba ya pili, aliyekuja kutaka barua ya kitambulisho, ameacha ghafla kujipepea, kaacha kabisa, katega sikio, angalau asingekuwa huyu, angalau angekuwa yeyote mwengine wa mtaa… "N'andike presha tena?" hapana, presha ndiyo iliyowarudisha mara ya kwanza, kule Chukwani, kwenye kituo pekee alichokipata kinachopokea wasichana, tena kwa barua ya sheha inayosema mtoto ana nini, dada wa mapokezi akaisoma barua akasema sisi hatutibu presha mama, mpeleke hospitali, na hospitali walishampima Nadhira wakasema haumwi, mpeleke skuli, na skuli mwalimu mkuu akasema huyu anasinzia mno darasani, mpeleke hospitali, hebu! mtoto wa miaka kumi na sita wamemfanya mpira, na zile nyumba tatu za kuachishia dawa za kulevya alizokwenda kwa miguu yake, zote jibu moja mlangoni, tunachukua wavulana tu, kana kwamba wasichana hawaharibikiwi, halafu jana barua ya pili, anakwenda kusoma, Chukwani wakacheka kidogo, hii si skuli mama, tuletee kweli, kitanda ni kimoja, tunakushikia mpaka kesho adhuhuri, wengine wanakitaka, kweli, kweli, rahisi kwao, wao hawaishi mtaa huu… "Au ana mashetani?" Bi Nassra anauliza taratibu, bila dhihaka, na Mwatum anachukia hata huo upole, anaichukia kalamu, anamchukia baba yake Nadhira aliyesema muozeshe tu atatulia, kisha akaenda zake dukani Mlandege kama mtu aliyemaliza kazi, amechoka, jamani amechoka… "Sema tu shoga, tuko wenyewe kwa wenyewe," anasaidia Rukaiya, na shingo ya Mwatum inamwaka, wenyewe kwa wenyewe! mwaka jana yeye na huyu Rukaiya walikaa uani wenyewe kwa wenyewe wakichambua mchele, wakimchambua na Shamsi, kijana wa jirani yao aliyepelekwa kuachishwa unga, mchele wakaumaliza, mtoto wa watu hawakummaliza, na nani alicheka zaidi? mimi, wallahi ni mimi, na Nadhira alikuwa pale pale anaanika nguo, kawapa mgongo, hakugeuka… alishaanza wakati ule? vidonge vya usingizi vya bibi yake vilishaanza kupungua wakati ule? alimsikia mama yake akicheka, akazidi kujificha… na mwezi uliopita akaja mwenyewe, hakuna aliyemkamata, akaja jikoni akasimama, mama nnakunywa vidonge vya bibi, siwezi kuacha, na mimi nikafanya nini? nikaenda kufunga dirisha, mwanangu anatetemeka mbele yangu na mimi kwanza dirisha, lisije likasikika… na begi keshalifunga wiki tatu sasa, liko nyuma ya mlango, kila Mwatum akirudi kwa sheha mtoto anauliza lile lile, "Mama, ushasema?", na yeye humjibu nshapata barua mwanangu, nshapata, hujibu kwa haraka huku anavua buibui, na mtoto hurudi kulala, kumbe… barua hajaiulizia, hata siku moja hajauliza barua, ushasema, ndilo analouliza, na hakuna hospitali wala skuli wala Chukwani iliyomzuia kusema, ni mimi mwenyewe, muda wote huu nagombana na milango ya watu… "Bi Mwatum?" kalamu bado iko juu, karatasi bado nyeupe, benchi linalia kidogo, Rukaiya anajisogeza mbele, naye asogee, asogee asikie vizuri, dirisha la sheha liko wazi barabarani na Mwatum analiona liko wazi, analiacha, anatafuta neno la kwanza, na neno la kwanza ni vidonge.