Bipu Tatu

Wenzake kazini walimwita Kunguru, kwa kuwa hakuna mnara uliomtisha. Alipanda mkanda kiunoni, spana mfukoni, na akifika juu hupiga mluzi. Alikuwa fundi wa mitandao ya simu, na miezi ile kazi yake ilikuwa moja: kuzima mtandao wa zamani, kuupisha mpya.

Mama yake alikuwa mshonaji, mjane, akiishi peke yake mwendo wa saa mbili kutoka mjini, chini ya kilima chenye mnara. Chumba kimoja, cherehani dirishani. Mama na mwana walikuwa na lugha yao, lugha ya bipu: simu inaita, inakatwa, hakuna wa kupokea. Bipu moja, kila siku saa moja asubuhi: nimeamka salama. Mbili: nipigie, nina neno. Tatu: acha ulichoshika, uje. Miaka kumi na mitano, tatu ilikuwa haijawahi kuja.

"Mama, siku hizi si uongee tu?"

"Niongee nini, baba? Ukinisikia sauti utaanza: mbona unakohoa, mbona umechoka. Bipu haikohoi."

Wiki mbili kabla ya mnara wa kilimani kufikiwa, alimpelekea simu mpya, kioo kitupu, haina kitufe hata cha dawa.

"Hiyo yako ya vitufe inakufa, mama. Tunauzima mtandao wake."

"Kwani huo mtandao umemkosea nani?"

"Masafa ya hewani ni kama shamba la urithi, hayaongezeki. Kizazi cha pili kilitupa sauti na ujumbe mfupi. Cha tatu kikaleta picha, cha nne video. Sasa cha tano kinataka pa kukaa. Lazima wazee wapishe."

"Wazee wapishe," mama akarudia, akakata uzi kwa meno. "Haya. Lete hicho kizazi chako."

Akabonyeza kioo. Kioo kikamtazama. Akabonyeza tena. Ncha za vidole vyake, zilizochomwa na sindano miaka arobaini, zilikuwa ngumu kama soli, na kioo kilizoea vidole laini.

"Hakinitaki."

"Taratibu, mama."

"Taratibu gani tena? Nimekibembeleza kama mkwe."

Kunguru akacheka mpaka akashika mbavu. "Kitakuzoea. Kipya kinyemi."

"Ingawa kidonda," mama akamalizia.

Aliichomoa laini kwenye simu ya vitufe, akaibandua sehemu yake ndogo ya katikati, akaitia kwenye simu mpya. Fremu tupu ya plastiki akaiacha mezani kati ya vifungo vya mashati. Hakungoja kumwona mama akipiga hata mara moja. Alikuwa na minara mingine.

Siku ya mnara wa kilimani, saa moja asubuhi, bipu moja ikaingia. Kunguru akatabasamu akiwa nyuma ya usukani. Kumbe kimemzoea!

Saa nne kasoro alikuwa chini ya mnara, mbele ya kabati la mitambo, akizungumza kwa simu na dada wa kituo kikuu, ambaye kazi yake ni kufuata kila hatua na kuiandika. Kabla ya kuzima, ilikuwa desturi yao kuhesabu simu zilizobaki kwenye mtandao wa zamani.

"Ngapi, Kunguru?"

Akasoma kwenye skrini. "Moja."

"Moja? Tusubiri hadi kesho? Kanuni inaturuhusu."

"Tumemtumia ujumbe mwezi mzima huyo. King'ang'anizi tu. Asiyehama leo kesho hahami."

"Kwenye fomu kuna sehemu ya mteja aliyebaki. Niandike nini?"

"Andika hajulikani."

Saa nne na dakika tano akazima. Feni za mtambo wa zamani zikapunguza mwendo, zikanyamaza. Kisha akapanda kufungua antena. Kutoka juu alikiona kijiji chote kama kimeanikwa juani, na bati la mama yake, lenye kiraka cheupe alichokipigilia mwenyewe. Akalipigia mluzi.

Alipanga kupita kwa mama. Lakini meneja alitaka majibu ya kipimo cha kasi ya mtandao mpya yamfikie mkononi kabla ya saa tisa, naye alitamani kuyapeleka mwenyewe, aone nyuso za wakubwa. Kiburi kina haraka. Kesho, akajiambia, na gari likashuka kwa upande wa pili wa kilima.

Kesho yake saa moja ikafika bila bipu. Saa moja na robo akampigia, akaambiwa haipatikani. Akapiga tena. Saa moja na nusu alikuwa barabarani, na saa mbili zile za njia zilimla kama msumeno.

Alikuta watu mlangoni. Wanaume walisimama mikono nyuma. Hakuhitaji kuambiwa.

Jirani wa mama, mwanamke waliyeazimana chumvi miaka yote, alimshika mkono akamkalisha.

"Jana nilimkuta kaketi chini hapo, kaegemea cherehani, kashika kifua. Nikamwambia nikuitie watu wakupeleke hospitali? Akakataa. Akasema, nimeshambipu mwanangu. Mara tatu. Halafu akanionyesha dirishani." Jirani alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Akasema, si yule pale juu ya mnara? Hata namwona. Anashuka sasa hivi. Nami nikakuona, mwanangu. Nikasema basi, mwenyewe yuko njiani. Nikaenda sokoni. Niliporudi mlango umefungwa, kimya, nikajua mko pamoja. Leo alfajiri ndipo nikabisha, nikafungua."

Simu ya vitufe ilikuwa mezani. Kunguru akaifungua nyuma. Laini ilikuwa imerudishwa kwenye ile fremu ya plastiki na kushikizwa kwa kitambaa chembamba kilichogundishwa, kazi safi ya mshonaji. Akaiwasha. Akatazama simu zilizopigwa. Namba yake, saa nne na dakika tisa. Namba yake, saa nne na dakika kumi. Namba yake, saa nne na dakika kumi na moja. Baada ya hapo hakuna kitu. Hakujaribu ya nne, kwa sababu tatu zilitosha. Tena anayebipu hasikilizi jibu, hukata, akangoja.

Simu mpya aliikuta kwenye droo, imejaa chaji, ndani ya mfuko wa kitambaa cha maua alioishonea, wenye kifungo.

Siku ya tatu baada ya mazishi, dada wa kituo akampigia.

"Pole sana, kaka. Nisamehe kukusumbua. Nafunga ile ripoti ya kilimani. Mnara wako ndio unaoongoza kwa kasi, nilitaka ulijue hilo."

Kunguru alikuwa amekaa kwenye kiti cha cherehani, mfuko wa maua mapajani.

"Ile sehemu ya mteja aliyebaki," akasema. "Umeandika nini?"

"Kama ulivyosema. Hajulikani."

"Futa."

"Niandike nini?"

"Andika mama yangu."

Sauti ya mtandao mpya ni safi mno. Alimsikia yule dada akivuta pumzi kule aliko, akaisikia na kalamu ikiwekwa mezani.