Namba Isiyosimama Peke Yake

Sayi alimfungia baba yake, Bujiku, vifungo vya shati kwa mara ya pili asubuhi hiyo. Walikuwa kwenye benchi la hospitali mjini Mbeya, mbele ya dirisha la bima. Bujiku alivifungua, akavitazama, kisha akasahau alikuwa anatafuta nini. Hakuwa mzee kiasi cha kusahau. Watu wa rika lake kule Makongolosi bado walikuwa wanashuka mashimoni kuchimba dhahabu.

Karani akaita jina la mzee. Wakasogea.

"Mwangaluka," Bujiku akasalimia, kama alivyosalimia walipofika.

"Mwangaluka, baba." Karani, Lea, hakuwa Msukuma, lakini salamu alikuwa ameshaishika. Akamgeukia Sayi. "Dada, bima wamerudisha karatasi zenu."

"Wanasemaje?"

"Daktari ameandika namba ya ugonjwa, ile ya kusahau kunakoletwa na ugonjwa mwingine. Namba hiyo haisimami peke yake. Ni kama mtoto wa kliniki, lazima aje na mzazi. Kwanza uandikwe ugonjwa wenyewe, kusahau kufuate nyuma."

"Ugonjwa si tulimwambia? Zebaki. Ameichoma tangu mimi sijazaliwa."

"Ameandika 'huenda ni zebaki'. Bima hawalipi huenda. Wanataka kipimo, na hicho hapa hatuna. Sampuli inapelekwa mbali, na kwenye kadi yenu haimo."

Sayi alifikiri kidogo. "Yaani bima hailipi mpaka tupime, na kupima bima hailipi."

"Ndivyo ilivyo," Lea akasema.

Wakati huo Bujiku alikuwa ameokota kitambaa cha kufutia kaunta. Alikikunja, akakisokota polepole, akakikamua kwa vidole viwili mpaka maji yakadondoka. Aliyatazama matone kwa makini. Kisha akanyoosha mkono, akavuta kioo cha dirisha, akamfungia karani ndani.

Watu kwenye foleni wakacheka. "Mzee kafunga ofisi," mmoja akasema. "Twendeni nyumbani."

Sayi hakucheka. Alikijua kile kitendo chote. Baba yake alikuwa akikamua zebaki kwenye kitambaa, likabaki donge lenye dhahabu. Kabla ya kulichoma kwenye kikaango ili zebaki iliyobaki itoke kama moshi, alifunga dirisha, majirani wasione moshi wakajua ndani kuna mali. Sayi, akiwa mtoto, ndiye aliyeziba chini ya mlango kwa kanga ya mama yake.

Lea alifungua kioo taratibu. "Alikuwa anafanya nini?"

Sayi akamweleza yote, hata ile kanga.

"Mimi nimekuamini, dada," Lea akasema. "Kompyuta haina mahali pa kuandika nimeamini." Akashusha sauti. "Ipo namba nyingine. Kusahau kusikojulikana chanzo. Hiyo inasimama yenyewe. Daktari akikubali kubadilisha, dawa mnachukua leo."

"Lakini chanzo kinajulikana."

"Najua."

Siku hizi mdogo wake Sayi, Seni, ndiye aliyekuwa anachoma zebaki kwenye chumba kilekile, na mtoto wa Sayi, Esther, alikuwa analala humo. Kila Sayi alipomwambia achomee nje, Seni alimjibu kwamba ingekuwa sumu, hospitali ingeandika. Sayi alikuwa amekuja Mbeya kutafuta neno hilo moja liandikwe. Na bila dawa, baba yake alikuwa anaamka usiku na kutembea kuelekea mashimoni. Juzi walimkuta amesimama ukingoni mwa shimo.

"Mwombe daktari abadilishe," Sayi akasema.

Jioni ya siku iliyofuata walifika nyumbani. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani, Seni alikuwa amechuchumaa karibu na jiko, kikaango mkononi. Esther alikuwa amelala kwenye mkeka pembeni.

"Shikamoo, baba. Dada, wameandika nini?"

"Wameandika chanzo hakijulikani."

"Si nilikwambia?" Hakusema kwa kejeli. Alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Sayi alimbeba Esther, akamlaza nje kwenye kivuli cha ukuta. Akarudi, akauchomoa mti wa kukomea dirisha, akautia kwenye makaa ya jiko. Kisha akalisukuma dirisha mpaka likagonga ukuta. Kwa jirani, mtu aliyekuwa anatwanga akasimamisha mchi.

"Dada, watu wataona moshi."

"Waone."

"Nikiibiwa je?"

Mti ulikuwa mkavu, ukashika moto upesi. Seni alitazama dirisha, akatazama kikaango, hakujua akiweke wapi.

Bujiku aliingia, akaliona dirisha wazi, akanyoosha mkono kulifunga. Sayi akaushika mkono ule, akamtoa nje, akamketisha kando ya mjukuu wake. Vifungo vya shati vilikuwa vimefunguka tena. Akaanza kumfungia, kuanzia cha juu.