BWANA kwa Herufi Kubwa

Somo la kwanza lilianza bakuli za uji wa shayiri zikiwa bado mezani, maana Janelle Swinford alikuwa na mkono mmoja tu wa kufanyia kazi. Mkono wa pili ulikuwa wa Dinah, mwenye wiki tatu duniani, ambaye alikuwa amenyonya, akacheua maziwa kwenye kola ya gauni la mama yake, na sasa analia tena kana kwamba hajawahi kuonja kitu. Theluji ilikuwa imeziba mlango wa nyuma. Keziah, binti mkubwa wa miaka tisa, alikuwa anafuta makombo. Amos, wa miaka sita, alikuwa anachonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa, na Tirzah, wa miaka minne, alikuwa chini ya meza akibweka.

Janelle aliifungua Biblia ya familia kwa kiwiko, akautazama ukurasa. Aliweza kusoma neno moja. BWANA, juu kushoto. BWANA, katikati. BWANA, BWANA, chini kabisa karibu na mkunjo. Mengine yote yalikuwa madoadoa tu, kama punje za mtama zilizomwagika sakafuni. Akamwambia Keziah awasomee, na Keziah akasoma zaburi nzima bila kujikwaa, kwa sauti ile ya kutulia ambayo zamani ilikuwa sauti ya kusomea ya mama yake.

Hakukuwa na la ajabu hapo. Janelle alimfundisha Keziah herufi ndogo, na herufi ndogo zikaenda kwa Keziah. Ndivyo ilivyokuwa kwa wanawake wote wa kanisa lao, kule kwenye vilima vya kusini mwa Missouri: unachomfundisha mwanao nyumbani, kwa mkono wako, kinakutoka wewe na kumwingia yeye, na kikishamwingia hakirudi. Kujumlisha kulimtoka Janelle msimu mmoja wa kuchuma tufaha. Mito na milima ikafuata. Herufi kubwa zilibaki kwa sababu alizificha makusudi, na kwa hizo bado alisoma vibao vya barabarani, makopo ya supu, na lile jina moja kwenye zaburi. Hizo ndizo alizokuwa ameketi leo kuanza kumpa Amos.

Tirzah hakuwekewa kitu. Hilo ndilo lililomkosesha Janelle usingizi hata zile nyakati chache ambazo Dinah alilala. Herufi kubwa zikishaisha kwa Amos, huyu mdogo atafundishwa na nani? Jibu lilikuwa pale pale mezani, na kitambaa mkononi, likifuta makombo, na Janelle hakutaka hata kulitazama. Yeye mwenyewe alikuwa radhi kutoa mpaka chembe ya mwisho. Alichokataa kwa moyo wake wote ni mtoto kuanza kutoa kabla hajamaliza kupokea.

Maana alikuwa ameona mwisho wa safari hiyo. Dinah alipozaliwa, akina mama wa kanisa walileta chakula siku baada ya siku: tambi za kuoka na samaki wa kopo, maharagwe mabichi yenye vitunguu vya kukaanga juu, na kila sahani ya kuokea imefungwa uzi wa sufu kwenye mkono wake. Uzi mwekundu ni wa Mama Verna, mama mkwe wake. Kijani ni Dada Opal. Zambarau ni mke wa mchungaji. Janelle alipokuwa bibi harusi mpya, ametoka mjini, alidhani nyuzi zile ni mapambo. Sahani yake mwenyewe aliibandika jina kwa chini, J. SWINFORD, na wale wamama wakaipokezana mkono kwa mkono, wakaigeuza, wakamtazama kwa huruma. Hakuna aliyejua imeandikwa nini.

Mama Verna alifundisha wana sita. Sasa alikuwa amebakiwa na "kile", "kale" na "lete hapa". Wakati wa nyimbo, wanaume waliimba maneno, na wanawake wazee wakaimba midomo imefumbwa, mmm, mmm, mpaka ubeti wa mwisho. Wageni walisifu sana mvumo ule. Wana wa Mama Verna wote sita walisoma vizuri ajabu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfundisha mtu kitu.

Loren, mume wa Janelle, alikuwa wa mwisho kati ya hao sita. Kazi yake ilikuwa kupeleka gesi mashambani kwa lori. Alikuwa mtu mwema, na hilo liwekwe wazi, kwa sababu mambo yangekuwa mepesi zaidi kama asingekuwa. Alivua buti mlangoni. Alimbeba Dinah jioni akiwa bado na koti linalonuka gesi, akamwimbia maneno yote ya wimbo wote. Jioni hiyo Amos alikuwa ameshapata A, M, O na S, herufi za jina lake, na Janelle alikuwa anaosha vyombo akilitazama kopo la supu ambalo sasa lilikuwa na mapengo.

"Loren," akasema, "wewe unazo zote, kubwa na ndogo. Mfundishe Amos hata nusu. Zangu zibaki kwa Tirzah."

Loren hakukasirika. Alifikiri vizuri, akimbembeleza mtoto.

"Mita ya gesi nitaisomaje, Janelle? Na Jumapili zamu ya kusoma ni yangu. Nyumba ikae bila msomaji?"

"Nipo mimi."

"Wewe unasoma neno moja, mpenzi." Alisema kwa upole, kama anayemwambia mtu kwamba amevaa sweta nje ndani.

Janelle akasema basi, Amos apande lile basi la njano la shule linalopita pale kwenye sanduku la barua kila asubuhi. Apande na Tirzah mwaka ukifika.

"Wale walimu wanafundisha darasa zima kila mwaka, na hawapungukiwi hata nukta," Loren akasema. "Umewahi kujiuliza kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Hawatoi kwa upendo."

Akambusu kwenye paji la uso, akampa mtoto, maana alikuwa amelowa. Janelle alijua kuna jibu la maneno yale, jibu fupi tena kali, akalitafuta akiwa na sifongo mkononi. Halafu akakumbuka kwamba hoja na namna ya kuzipanga alimfundisha Keziah vuli iliyopita. Akaenda kubadilisha nepi.

Akabuni njia yake. Hakuna aliyewahi kusema itakuwaje watoto wawili wakiitazama herufi moja kwa pamoja, wakaipokea kwa pumzi moja. Pengine ingepasuka katikati, kila mmoja akapata kipande, na mtoto mwenye kipande anaweza kukisia kilichobaki. Lilikuwa wazo dogo, lakini lilimpa Janelle nguvu za kuchana nywele. Asubuhi iliyofuata alimnyonyesha Dinah mpaka akalegea, akamlaza kwenye kapu la nguo zilizotoka kukaushwa, bado zina joto. Akawakalisha Amos na Tirzah kiti kimoja, shavu kwa shavu. Akamkataza Keziah kufundisha chochote, akamtuma kuhesabu mitungi ya pichi kule stoo ya chini, kazi isiyo na maana yoyote.

"Tazameni hapa tu," akawaambia. "Msigeuze macho. Hii ni D, D ya Dinah."

Na Dinah, kule kapuni, akasikia jina lake, akapiga kwikwi. Si kilio. Kwikwi moja tu. Tirzah akageuka kumtazama mdogo wake, kama dada yeyote angefanya, na herufi yote ikaenda kwa Amos. Amos akaitaja kwa furaha. Janelle akautazama ubao, akaona kijiti chenye tumbo kubwa, asijue ni kitu gani. Kisha kwikwi ikawa kilio, na maziwa yakamtoka kabla hajafika kapuni.

Alijaribu tena na N, ya Nuhu, na tumbo la Dinah likajaa gesi. Akajaribu na R, Dinah akalowesha shuka. Mtoto mchanga hana ratiba, na wala hana ubaya. Anahitaji tu, na anahitaji sasa. Kila mara Tirzah aligeuka na Amos hakugeuka, kwa kuwa Amos alikuwa mtoto wa kiume na alikuwa ameshazoea kwamba mtu mwingine atakwenda. Kwenye Biblia, BWANA akawa BW tu, kama mwanamume anavyoandikwa kwenye bahasha za bili ya umeme. Theluji ilipoanza kuyeyuka mitaroni, ikabaki B peke yake. Siku B ilipoondoka, Janelle aligeuza kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho, na kitabu chote kilikuwa kimya. Alilia kidogo. Halafu akawapikia watoto mayai.

Kilichotokea baadaye kilitokea mchana. Janelle alikuwa chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda akimnyonyesha Dinah, na akasinzia vile vile ameketi. Kilichomwamsha ni ukimya. Katika nyumba yenye watoto wanne, ukimya si habari njema, akaenda jikoni mbio, matiti nje, mtoto begani.

Keziah alikuwa amekaa kwenye kiti cha mama yake, Tirzah mapajani. Tirzah alikuwa anachora alama moja, ile ile, safu kwa safu, ulimi nje. Mbele ya Keziah kulikuwa na karatasi yake mwenyewe, ambayo juu yake alikuwa amejaribu kuandika jina lake. Janelle hakuweza kulisoma. Aliona tu kwamba mwanzoni palikuwa na nafasi tupu.

"Ya kwanza imeenda, Mama," Keziah akasema. "Anayo Tirzah. Haikuuma. Ilikuwa kama jino."

"Nilikukataza, Keziah."

"Ulikuwa umelala." Msichana aliilaza penseli vizuri sambamba na karatasi. "Nilitaka uendelee kulala."

Janelle akaketi sakafuni. Alitaka kukasirika na hasira haikuja. Kilichokuja ni usingizi, na aibu ya kwamba moyo wake, kwa kitambo kidogo sana, ulikuwa umeshukuru. Aibu hiyo alikaa nayo, na Dinah akaendelea kunyonya.

Wakati wa chakula Loren alimnyanyua Keziah juu mpaka nywele zikagusa dari. Akasema sasa nyumba ina walimu wawili, na kwamba Mungu ni mwema. Akamwomba Tirzah aoneshe herufi yake, na Tirzah akaionesha kwenye mchuzi kwa kidole. Hakuna aliyemgombeza kwa kuchezea chakula.

Jumapili, baada ya ibada, meza ndefu zilipangwa kwenye ukumbi wa kanisa kama kawaida. Keziah alikuwa ameoka mkate wa mahindi kwenye sahani ndogo, kazi yake mwenyewe tangu kuvunja yai. Habari zilikuwa zimeshafika. Mama Verna alikuja na kikapu cha nyuzi, akakiweka mbele ya mjukuu wake, akasema, "Lete hapa. Kile." Keziah alichagua bila haraka. Mwekundu ulikuwa na mwenyewe, na kijani na zambarau pia. Akachukua wa njano, rangi ya basi la shule, na akina mama waliozunguka meza wakaanza mvumo wao midomo imefumbwa, na ulikuwa mvumo mzuri kweli. Mke wa mchungaji alijifuta machozi. Hayo yalikuwa machozi ya furaha, kwa kadiri mtu alivyoweza kuona.

Janelle akamkabidhi Mama Verna mtoto. Akaufunga uzi kwenye mkono wa sahani mwenyewe, fundo la masikio mawili, lile ambalo mama yake alimfundishia kwenye viatu, mjini, zamani, huku akiliimbia kawimbo. Kawimbo kalishaenda kwa Dinah wiki ya kwanza. Vidole bado vilikuwa vinajua.

"Nifundishe hilo fundo, Mama," Keziah akasema. "Jumapili ijayo nifunge mwenyewe, wewe ubaki na mtoto."

Wanawake wakatazama sahani zao. Janelle aliutazama uso wa binti yake, ulivyokuwa na hamu na wema, bila hila yoyote. Akatafuta namna ya kusema hapana. Ilikuwa imeshaenda pamoja na vile alivyowahi kufundisha. Basi akalifungua fundo, akavishika vidole vya Keziah, akamwonesha: sikio moja, lizungushe, pitisha chini, vuta.

Keziah alilipata mara moja. Alikuwa mwepesi wa kushika.

Walipotoka, upepo wa vilimani ulikuwa mkali na kofia ya Dinah ilikuwa imefunguka chini ya kidevu. Janelle alisimama kwenye ngazi za kanisa, utepe mmoja huku, utepe mwingine huku, akizitazama. Loren alikuwa ameshawasha gari. Baadaye Janelle akamwita Keziah, naye akaja, akaweka sahani yake chini, akaifunga kofia ya mdogo wake vizuri, isibane wala isilegee.

Ndani ya gari Amos alisoma kwa sauti kila alichokiona na Tirzah akalala. Keziah alikuwa nyuma ya kiti cha mama yake, sahani mapajani, akiuchezea uzi wa njano.

"Kesho utanifundisha nini, Mama?" akauliza.

Janelle alifikiri njia nzima. Vibao vya barabarani vilipita kimoja kimoja, na Amos akavisoma vyote.