Kanda za Fidel

Zamani Fidel aliendesha banda la video pale Mlabani, akionyesha kanda za vichekesho vya ngono vya Kizungu. Bosi anamkimbiza sekretari kuzunguka meza, na banda zima linacheka. Mwaka huu rafiki yake Gasper alizipata kwenye simu. Wakakaa barazani kuziangalia, wakicheka hadi machozi.

Aurelia, mke wa Fidel, akatoka na chai, akaona.

"Bosi wangu wa mashine ya mpunga alinifanyia hivyo hivyo," alisema. "Nilipokueleza, ukacheka. Ukasema ni kama kwenye video."

Gasper akazima simu, akaaga.

"Sikujua kama uliumia," Fidel alisema.

"Nilikuwa nalia mbele yako."

Jioni ile Aurelia alihamia kwa binti yao anayeishi Lumemo, na hajarudi.